Mwaka wa Kupima Subira

Dakta Ruth amefariki. Habari nimeipata kwa barua pepe ndefu yenye picha yake ya uzeeni, nywele nyeupe zimekatwa fupi, na chini ya picha aya nne za sifa. Mwandishi ni mtu anayeitwa Daniel, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa naye ni profesa. Anasema Marekani imepoteza mwanasaikolojia mkubwa, mwanamke aliyefundisha vyuo vikuu vitatu, akaongoza idara, akavishwa medali, akaandika kitabu ambacho kila anayesomea malezi ya mtoto hana budi kukifungua. Kitabu hicho, anasema, mizizi yake iko Tabora. Hapo nilivua miwani nikaiweka mezani. Kisha nikaivaa tena kwa sababu barua ilikuwa haijaisha. Walikuwa wanaandaa ibada ya kumbukumbu kwa mtandao, wakaomba mimi, mkalimani wake wa mwaka ule, nizungumze dakika tano. Na kama yupo hata mmoja wa wale watoto aliyepimwa na bado yuko hai, wangefurahi sana kuuona uso wake. Sikulia. Nimezika watu wengi hapa Itetemia, pembeni ya mji wa Tabora, na machozi yangu nayajua yanakokaa, lakini siku ile hayakuja. Nilichosikia ni hasira, na hasira ya mtu mwenye umri wangu haipendezi kwa sababu haina pa kwenda.

Habari za kwetu nitaziacha, hazina la kuongeza hapa. Itoshe kusema kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu hayakuwa mabaya wala ya kutambia watu, na nilikuwa nyumbani nikipepeta mchele na kungoja muujiza. Muujiza ukaja umevaa viatu vya ngozi na kofia ya ukili. Dakta Ruth alikuwa na miaka thelathini na kidogo. Alitaka msichana anayejua Kiingereza, Kiswahili na Kinyamwezi, na masista walionifundisha wakamtajia jina langu. Akanihoji nusu saa, akasema, "Skola, ukikaa nami mpaka kazi iishe, nitakuandikia barua ya kukuingiza chuo cha ualimu." Hakuniahidi mshahara mkubwa na mimi sikumuuliza. Barua ile ilinitosha. Nililala nayo na kuamka nayo kabla hata haijaandikwa.

Alipanga chumba kwa Bi Salma, mjane wa mfanyabiashara wa Kiarabu, katika nyumba ya zamani ya mjini yenye ua mpana na kuta nene zilizotunza ubaridi hata mwezi wa kumi. Chumba kile nakiona mpaka leo: meza iliyojaa karatasi, taipureta, chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda, makopo ya biskuti yaliyogeuzwa kuwa ya kalamu. Kila asubuhi nilimkuta ameshakaa, daftari lake la buluu liko wazi. Mimi nilikaa kwenye kirago nikitafsiri maelezo, naye akiyarudisha kwa Kiingereza ili aone kama yamepotea njiani. Dirisha lilifunguka uani, na uani Bi Salma na dada yake walichambua choroko na kuchambua watu. Siku moja nilimsikia dada mtu akiuliza huyu Mmarekani anakwenda kijiji cha Ipole, huko Sikonge, kufanya nini.

"Anakwenda kupima subira ya watoto," Bi Salma akamjibu.

"Subira inapimwa kwa nini? Kwa pishi au kwa ratili?"

"Kwa asali."

"Asali ya Ipole? Basi hapimi subira huyo, anapima uroho. Hata mimi angenipata."

Wakacheka mpaka choroko zikamwagika. Dakta Ruth akauliza wanachocheka, nikamwambia ni mambo ya kinamama. Ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa nimeanza kumchujia maneno hata pale ambapo hakukuwa na hatari yoyote, na mtu akizoea kuchuja hajui tena kinachobaki kwenye chujio.

Nadharia yake alinieleza mezani, Ijumaa moja, juu ya sinia la pilau. Alisema watu wa njia ya zamani ya misafara, kutoka huku mpaka pwani, walijengwa na upagazi. Mpagazi alipewa posho ya siku, akaila siku hiyo hiyo, kwa maana kesho hakujua kama atafika. Vizazi vikapita, tabia ikabaki: mtu wa njia hangoji. Mla ni mla leo, mla jana kala nini. Methali yenyewe alikuwa nayo, ameiandika kwenye daftari na kuipigia mstari. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane na nilimsikiliza kama anayesoma Injili. Leo ningemuuliza: mtu aliyebeba pembe la ndovu begani miezi mitatu ndipo alipwe, huyo hakungoja? Na mrina asali anayepanda mti kutundika mzinga mtupu, akaenda zake, akaacha mvua zipite na maua ya miombo yafunguke ndipo arudi na moshi wake, huyo anafanya nini huko porini ikiwa si kungoja? Lakini sikuuliza. Niliongeza pilau.

Jaribio lilikuwa hivi. Mtoto mmoja mmoja anaingia kwenye stoo ya shule ya Ipole, iliyonuka majembe na chaki, anakaa mbele ya meza. Dakta Ruth kwa mkono wake anaweka sahani ya bati yenye kipande kimoja cha sega. Mimi nasema: mgeni anatoka nje, ukingoja bila kula mpaka arudi, utapata vipande viwili, ukila sasa, ni hicho kimoja tu. Kisha tunatoka, tunachungulia kwenye ufa wa dirisha, na saa yake inahesabu. Wa kwanza, na wa pekee siku ile ya kwanza, alikuwa Nyamizi, msichana wa miaka minane aliyelelewa na bibi yake. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, akaniuliza kwa Kinyamwezi kama ni mgeni mwenyewe aliyesema asile. Nikamwambia ndiyo. Basi akakalia mikono yake, akaanza kuimba polepole wimbo wa kutwangia, nzi wakatua kwenye sega na yeye hakuwafukuza. Robo saa nzima. Dakta Ruth aliporudi na kipande cha pili, Nyamizi alivichukua vyote viwili, akavifunga kwenye jani, akaomba ruhusa akampelekee bibi. Hata ncha ya kidole hakuilamba.

Kesho yake asubuhi tulikuwa kwenye baraza la mwalimu mkuu tunakunywa uji na kutafuna matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, ambavyo Dakta Ruth alivipenda kuliko mkate wa mjini. Watoto wa siku hiyo wamepangwa foleni chini ya ukuta. Akaja Bibi Kalunde, bibi yake Nyamizi, amemshika mjukuu wake mkono mmoja na mkono wa pili ana tetea mweusi. Miguu ya mtoto ilikuwa na alama za fimbo. Bibi akapiga magoti, mtu mzima yule, akamvuta Nyamizi naye apige. Akasema kwa Kinyamwezi: "Mgeni, mtoto wangu alikaa na chakula chako mbele yake mpaka ukampa kisogo, kama mtu anayekishuku. Nyumbani hatukumfundisha hivyo. Usituhesabu vibaya. Kuku huyu ni wake mwenyewe, amemlea, leo analipia kosa lake."

Hapa sina budi kueleza, kwa maana ndipo kila kitu kilipopotoka. Kwetu, mgeni akikupa chakula kwa mkono wake, unaonja kabla hajakugeuzia mgongo, na unaonja ukimtazama usoni. Ukimwacha aondoke hujagusa, umemwambia kuwa yeye ni mchawi na chakula chake kina sumu. Tusi kubwa kuliko hilo mtoto hawezi kulitoa. Mimi niliyajua hayo kabla sijaota meno. Jana yake nilikuwa nimesimama kwenye ule ufa wa dirisha nikimwona hagusi, nikajiambia shule ni shule, nyumbani ni nyumbani.

"Anasema nini?" Dakta Ruth akaniuliza.

Wiki hiyo hiyo alikuwa ameniambia kwamba maelezo yakibainika yana kosa, atatupa kazi yote na kuanza upya mkoa mwingine na mkalimani mwingine. Hakunitisha. Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari. Niliiona barua yangu inakwenda mkoa mwingine.

"Anashukuru kwa asali," nikasema.

Uso wa Dakta Ruth ukang'aa. Akampokea yule kuku kwa mikono miwili, akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Asante sana, bibi. Nimefurahi sana." Bibi Kalunde akainamisha kichwa. Mgeni amepokea faini, tena kwa furaha; basi kosa lilikuwa kweli. Akasimama, akampangusa mtoto magoti, wakaondoka. Nyamizi aligeuka mara moja, akanitazama mimi, si yule Mmarekani. Kuku yule tulimla jioni kwa ugali, na mimi nilipewa paja.

Habari ikazunguka kijiji kabla jua halijatua. Kuanzia siku hiyo hakuna mtoto aliyengoja. Mkono wa Dakta Ruth haujaacha sahani, sega limeshaingia mdomoni, na macho ya mtoto yako kwenye macho yake, kama anavyotakiwa. Yeye akaandika kwamba hawangoji na kwamba hula huku wakimkodolea mtoaji kwa ushupavu. Tulipohamia Usoke, kando ya reli, ikawa vile vile, maana adabu haikomei Sikonge. Jioni akipiga taipureta nilimsikia akiimba. Tabu yake tu ilikuwa yule msichana wa kwanza, aliyemharibia hesabu. Mwishowe akamtoa, kwa maelezo kwamba siku ya kwanza ilikuwa ya majaribio.

Nitajitetea kidogo, kwa sababu hakuna mwingine wa kunitetea. Siku ya mwisho, kwa Bi Salma, meza ilikuwa imeandaliwa biriani ya kumuaga. Kando ya sahani yake kulikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa barua yangu ya chuo, imeshapigwa, imeshatiwa sahihi. Nyingine ilikuwa tamko ambalo mimi nilitakiwa kusaini, kwamba watoto walielewa maelezo na kwamba hakuna jambo lililowazuia kuchagua kwa hiari yao. Bi Salma alikuwa ametoka kuleta achari. Nikamwambia Dakta Ruth habari ya mgeni na chakula cha mkono wake. Nilimwambia yote, isipokuwa ya kuku.

Akaweka kijiko chini. Aliniuliza kama desturi hiyo ni ya kila nyumba, nikasema kila nyumba niijuayo. Akaniuliza kama watoto wa Usoke nao wanaijua, nikasema wanaijua. Akafungua daftari la buluu akaandika, muda mrefu, nami nikisikia kalamu tu. Halafu akalifunga.

"Skola, watoto walielewa maneno uliyowaambia?"

"Maneno waliyaelewa, Dakta."

"Basi tamko ni la kweli."

Akanisogezea kalamu. Bi Salma akarudi na achari, akasema mbona chakula kinapoa. Nikatia sahihi.

Niliingia chuo kwa barua ile. Nilisoma, nikafundisha shule za msingi, nikapanda vyeo, mwishowe nikawa mkufunzi wa wanaojifunza ualimu. Na kila Krismasi ilikuja kadi kutoka kwake, mwandiko mkubwa wa mtu mwenye haraka. Kitabu kimetoka. Amepewa kiti cha profesa. Amehamia chuo kingine, pwani ya upande wa pili wa nchi yao. Ameachana na mumewe. Wamempa medali, ametembelea nchi kadhaa akihutubia juu ya watoto wa njia ya misafara na jinsi umaskini unavyokaa ndani ya akili. Ipole hakurudi kamwe. Mwandiko ukaanza kutetemeka, kisha kadi zikakoma. Sikuwahi kumwandikia zaidi ya shukrani na salamu za mwaka mpya. Yeye hakuitaja biriani ile, na mimi sikuitaja. Tulikuwa na adabu sana, sisi wawili.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba kitabu kingenifuata kazini. Kililetwa chuoni kwetu kama kurasa chache za kunakili, sehemu ya somo la saikolojia ya ujifunzaji, na somo hilo nilipangiwa mimi. Nimelifundisha mpaka nikastaafu. Nimesimama mbele ya vijana wa Kinyamwezi na Kisukuma nikawaeleza kwamba wazazi wao hawakuwafundisha kungoja. Mwaka mmoja kijana aliyetoka pande za Sikonge alinyoosha mkono akauliza kwa heshima zote, "Mwalimu, hao watoto si walikuwa wanamwonjea mgeni?" Nikamwambia, "Kwenye mtihani andika kilichomo kitabuni." Akaandika. Alipata alama nzuri.

Basi barua ya Daniel ilipokuja nilijua ni nani wa kumtafuta. Nilipanda basi mpaka Ipole, nikaulizia. Nyamizi sasa ni mwanamke mzima mwenye wajukuu, ana mizinga yake mwenyewe porini, na wanaume wanamheshimu kwa hilo. Nilimsalimu, akaniamkia, "Shikamoo mwalimu," nami nikaitikia marahaba nikiona aibu. Alinikumbuka bila shida. Tuliketi jikoni kwake akichuja asali kwenye ndoo. Alisimulia kama anayesimulia habari za mtu mwingine: baada ya siku ile kijiji kilimpa jina, msichana aliyemwachia mgeni chakula. Wakija wageni bibi alimficha chumbani. Darasa la nne bibi akamtoa shule, akisema huko ndiko anakofundishwa kudharau watu. Bibi Kalunde alikuja kufa wakiwa hawajawahi kulizungumza. "Mimi nilitii nilichoambiwa," Nyamizi akasema, "bibi akanichapa, na yule mzungu akamla kuku wangu akicheka. Nimejiuliza maisha yangu yote ni nani kati yao aliyeniona nina kosa." Nikamwambia yule mzungu amefariki, nikamwomba aje kwangu Tabora awaulize mwenyewe wanafunzi wake, watakaoonekana kwenye kompyuta. Akakubali. Neno langu la siku ile ya kuku sikumwambia. Njia nzima ya kurudi nilijiambia nitamwambia tukifika, kisha nitamwambia tukishakula, kisha tukishapumzika.

Ibada ilianza saa kumi na moja jioni kwa saa zetu. Tulikaa sebuleni kwangu mbele ya kompyuta aliyoniachia binti yangu, Nyamizi amevaa kitenge kipya. Watu walikuwa wengi, kila mmoja kwenye kisanduku chake, wengine wazee wenye machozi. Walimsifu kwa ukali wake, kwa ukarimu wake, kwa namna alivyowabeba wanafunzi wake. Yote hayo naamini yalikuwa kweli. Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimeandika karatasi, na karatasi ile ilikuwa mwiba: desturi ya mgeni, biriani, tamko, yote, kasoro kuku. Nikaisoma kwa Kiingereza. Nilipomaliza nilitarajia kelele. Daniel akavua miwani, akasema nimewasaidia kufanya jambo walilokuwa wanaliogopa. Wamelipata lile daftari la buluu. Akasoma alichoandika Dakta Ruth siku ya biriani: "Skola anasema watoto walikula kwa adabu. Nadhani yuko sahihi. Kama yuko sahihi, sina kitabu." Wanafunzi wa Dakta Ruth, akasema, wataandika masahihisho, na jina langu litakuwa humo, mtu aliyesema ukweli mapema. Kisha akaomba wote wasimame kimya dakika moja kumkumbuka marehemu. Visanduku vyote vikasimama.

"Wamesema nini?" Nyamizi akaninong'oneza.

Nikamtafsiria, neno kwa neno, hata lile la daftari. Akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo alijua siku ya kuondoka. Siku ya kuku alikuwa hajui?"

"Hakujua."

"Lakini bibi alimwambia. Alipiga magoti akamwambia, mimi nikiwa pale. Wewe ulimwambia nini?"

Daftari lilikuwa limeshanisafisha. Watu wote wale, na vyuo vyao, walikuwa wamesimama wakinifikiria vizuri. Ningeweza kusema sikumbuki, na kwa umri wangu angeniamini.

"Nilimwambia bibi yako anashukuru kwa asali."

Hakuniangalia.

"Ungemwambia yale ya bibi, mzungu angesemaje?"

"Angesema hukukosa. Angemrudishia bibi yako kuku, akamwambia ni yeye aliyekutaka usile."

"Basi sema wewe."

"Hukukosa, Nyamizi. Ulikuwa na adabu, na ulifanya ulichoambiwa. Mwenye kosa ni mimi."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepokea mzigo wa mwenzake ausogeze kando.

"Nimekusikia," akasema. "Lakini bibi hayupo wa kukusikia."